Mcheza Kwao Hutuzwa: Tuzo ya BBC na Wakimbiaji Wetu, 1954 hadi 2019



Kila mwaka ukikaribia kwisha, Waingereza hukaa mbele ya televisheni kusubiri jina moja litajwe: Mwanamichezo wa Mwaka wa BBC. Ni sherehe kubwa hasa, suti na magauni, muziki, picha za ushindi wa mwaka mzima, halafu mwishoni bahasha inafunguliwa na taifa zima linajua nani kashinda. Sisi tunaoishi huku tumeizoea, na wengine tunapiga kura kabisa. Lakini historia yake tunaijua juu juu tu, na sehemu ya historia hiyo inayotuhusu sisi watu wa Afrika Mashariki husimuliwa kwa nadra sana. Naomba niieleze kwa kirefu kidogo, maana ndani yake mna swali linalomgusa kila aliyehama kwao.

Nianze na neno lenyewe. Tuzo limetokana na kutuza, au kutunza kama wasemavyo wengine. Mtu akicheza ngoma ikanoga, au mwimbaji wa taarabu akiwagusa watu, basi watu huinuka wakamwendea na chochote walichonacho, noti mkononi, huku wanacheza. Huko ndiko kutuza. Na wahenga wakasema: mcheza kwao hutuzwa. Tukiitazama vizuri methali hii ina masharti mawili. La kwanza, ucheze. La pili, uwe kwenu. Nitakachojaribu kuonyesha ni kwamba katika orodha ya BBC wakimbiaji wetu walitimiza sharti la kwanza mapema kabisa, tangu mwaka ule ule tuzo ilipoanzishwa. Kilichowakwamisha ni lile la pili.

White City, Julai 1954

Turudi mwaka 1954. Kenya ilikuwa chini ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Mwezi wa Aprili 1954 jeshi la Waingereza lilikuwa limeizingira Nairobi katika ile iliyoitwa Operesheni Anvil, na maelfu ya Waafrika wakakamatwa na kupelekwa kambini. Kwa msomaji wa magazeti wa London wakati huo, jina la Kenya lilikuwa na maana moja tu, nayo ni Mau Mau.

Katika hali hiyo, mwezi wa Julai, wakashuka London wakimbiaji wawili Waafrika kutoka Kenya: Lazaro Chepkwony, Mnandi, na Nyandika Maiyoro, Mkisii. Walikuwa njiani kwenda Vancouver, Kanada, kwenye Michezo ya Dola ya Uingereza na Jumuiya ya Madola, wakapitishwa hapa kushiriki mashindano ya riadha ya Uingereza katika uwanja wa White City, magharibi mwa London. Uwanja huo ndio uliojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 1908.

Chepkwony alikimbia maili 6, pekupeku, na akawashangaza watazamaji. Wenzake walikuwa wanakimbia kwa mwendo mmoja wa hesabu, yeye anachomoka ghafla, anapunguza, anachomoka tena. Hatimaye akaumia msuli akatoka kabla ya kumaliza. Siku iliyofuata, tarehe 10 Julai, ikawa zamu ya Maiyoro katika maili 3. Mzee akaondoka kwa kasi tangu mwanzo akawaacha Waingereza nyuma kwa mwanya mkubwa. Walimfikia baadaye na kumpita, akamaliza wa tatu. Lakini hebu tazameni walio mbele yake. Wa kwanza Fred Green na wa pili Chris Chataway, wote wawili kwa dakika 13 na sekunde 32.2, ambayo ilikuwa rekodi mpya ya dunia. Yaani Mkenya wa kwanza kumaliza mbio kubwa London aliwavuta Waingereza wawili mpaka wakavunja rekodi ya dunia.

Huko Vancouver, katika maili 3 hizo hizo, Chataway akachukua dhahabu na Maiyoro akawa wa nne.

Sasa shikeni jina hilo la Chataway.

Savoy, Desemba 1954

Tarehe 30 Desemba 1954, katika Hoteli ya Savoy, London, BBC ilifanya sherehe yake ya kwanza. Aliyeibuni ni mtayarishaji Paul Fox, na mtangazaji alikuwa Peter Dimmock, wote wa kipindi cha michezo kilichokuwa kimeanza mwaka huo huo. Watazamaji walipiga kura kwa kutuma kadi kwa posta, na zikapatikana kura 14,517. Zawadi waliyoitengeneza ilikuwa kamera ya televisheni ya fedha, yenye lenzi nne. Mpaka leo zawadi ni hiyo hiyo.

Wengi tungedhani mshindi ni Roger Bannister, aliyekimbia maili moja chini ya dakika nne mwezi wa Mei mwaka ule, jambo ambalo dunia nzima inalikumbuka. La hasha. Bannister alikuwa wa pili. Mshindi alikuwa Chris Chataway, ambaye siku ile ya Mei alikuwa mmoja wa waliomkimbizia Bannister mwendo. Sababu ni nini? Tarehe 13 Oktoba 1954, katika uwanja ule ule wa White City, Chataway alimshinda Vladimir Kuts wa Umoja wa Kisovieti katika mita 5000 kwa rekodi ya dunia, dakika 13 na sekunde 51.6. Mbio hizo zilipigwa usiku, chini ya taa, na kutangazwa moja kwa moja kwenye televisheni. Bannister alikimbilia Oxford jioni, mbele ya watu wachache. Watu walimpigia kura waliyemwona kwa macho yao sebuleni. Kwa hiyo zawadi kuwa kamera si pambo tu. Tangu siku ya kwanza mpiga kura mkubwa kuliko wote alikuwa ni kamera.

Kwa nini nayasimulia haya? Kwa sababu mtu wa kwanza kabisa kuandikwa katika orodha hii alikuwa amekimbia, miezi mitano tu kabla, na Nyandika Maiyoro, katika uwanja ule ule. Sisi hatukuja kwenye hadithi hii baadaye. Tulikuwamo tangu ukurasa wa kwanza, ila upande ambao haukuandikwa.

Nyuma ya majina yao

Mtu anaweza kusema hilo la 1954 ni bahati nasibu tu. Haya, tuendelee.

Mwaka 1968 mshindi wa BBC alikuwa David Hemery, aliyechukua dhahabu Mexico katika mita 400 kuruka viunzi kwa rekodi ya dunia ya sekunde 48.12. Miaka minne baadaye, Munich 1972, polisi wa Uganda aitwaye John Akii-Bua, akiwa amepangwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa ambayo kona zake ni kali, akashinda kwa sekunde 47.82. Hemery akawa wa tatu na rekodi yake ikahamia Uganda. Na mwalimu wa Akii-Bua alikuwa Mwingereza, Malcolm Arnold.

Mwaka 1978 Mkenya Henry Rono alifanya jambo ambalo hata leo ukilisoma unarudia kuhakikisha hukukosea. Kati ya Aprili na Juni, katika siku 81, alivunja rekodi nne za dunia: mita 5000 huko Berkeley, mita 3000 kuruka viunzi na maji huko Seattle, mita 10,000 huko Vienna na mita 3000 huko Oslo. Mwezi wa Septemba akaja Crystal Palace, kusini mwa London, kukimbia maili 2. Akashindwa na Mwingereza Steve Ovett, ambaye alikimbia muda bora kuliko wote uliopata kuwekwa duniani katika umbali huo. Desemba ilipofika, Mwanamichezo wa Mwaka wa BBC akawa Steve Ovett.

Mwaka uliofuata, 1979, mshindi alikuwa Sebastian Coe, kwa rekodi tatu za dunia alizoziweka katika siku 41. Ya tatu aliiweka Zürich, mita 1500. Na rekodi hiyo aliichukua kwa nani? Kwa Mtanzania wetu, Filbert Bayi, aliyeiweka Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akiwa ameongoza tangu mlio wa bastola mpaka utepe. Ilidumu zaidi ya miaka mitano, na Coe aliipunguza kwa sehemu ndogo tu ya sekunde.

Kwa hiyo Chataway, Hemery, Ovett na Coe ni majina manne katika orodha ya heshima ya taifa la Uingereza, na kila jina ukiligeuza nyuma unamkuta Mkenya, Mganda au Mtanzania. Ama alikuwemo kwenye mbio zenyewe, ama rekodi ilitoka kwake, ama ilikwenda kwake. Sisemi kwamba hao wanne hawakustahili. Walistahili kabisa. Nasema tu kwamba hadithi ya mshindi haikamiliki bila ya yule aliyemkimbiza.

Mlango wa wageni

Wenye haki tuwape haki yao. Tuzo hii ni ngoma ya Waingereza, na wanamtuza mchezaji wao. Hata hivyo mwaka 1960 BBC ilifungua mlango wa pili, tuzo ya mwanamichezo wa nje, na wa kwanza kuipata alikuwa Herb Elliott wa Australia. Mwaka 1964 ilikwenda kwa Abebe Bikila wa Ethiopia, baada ya kushinda marathoni ya Tokyo, yake ya pili ya Olimpiki.

Baada ya hapo jirani zetu na sisi tukakaa nje ya mlango huo muda mrefu mno. Mwaka 1972, mwaka wa Akii-Bua, ilikwenda kwa Olga Korbut wa Umoja wa Kisovieti. Mwaka 1974, mwaka wa Bayi, ilikwenda kwa Muhammad Ali, aliyemwangusha George Foreman Kinshasa tarehe 30 Oktoba. Mwaka 1978, mwaka wa Rono na rekodi zake nne, ikaenda tena kwa Ali. Mwaka 2012, David Rudisha alikimbia mita 800 hapa hapa London kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia katika fainali ya Olimpiki. Tuzo ikaenda kwa Usain Bolt. Tena katika michezo hiyo hiyo Stephen Kiprotich wa Uganda alishinda marathoni kwenye barabara za jiji hili, na nyuma yake wakafuata Wakenya wawili, Abel Kirui na Wilson Kipsang.

Hebu tuwe wakweli. Ukimweka Bayi mbele ya Ali, nani atapigiwa kura? Ali alikuwa Ali. Wala sidhani kwamba kuna mtu alikaa ofisini akapanga kuwanyima wetu. Ila ile kamera ya fedha ina lenzi zake, na lenzi zilielekea kwenye ndondi, tenisi na gofu. Rono alivunja rekodi zake mbili za kwanza kwenye mashindano ya vyuo vya Marekani. Nani angemwona?

Mwaka 2019 ndipo mlango ulipofunguka. Eliud Kipchoge, aliyeshinda London Marathon mwaka 2015, 2016, 2018 na 2019, alikimbia Vienna tarehe 12 Oktoba kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, mtu wa kwanza kwenda umbali wa marathoni chini ya saa mbili, ingawa haikuhesabiwa rekodi kwa vile hayakuwa mashindano ya kawaida. Desemba, sherehe ikifanyika Aberdeen, akapewa tuzo ya nyota wa dunia. Tangu Bikila mpaka Kipchoge ni miaka 55.

Kwao ni wapi?

Nimemwacha makusudi mtu mmoja, kwa sababu yeye ndiye anayeivuruga methali yetu.

Mo Farah. Mwaka 2011 alikuwa wa tatu katika kura za BBC. Mwaka 2012, baada ya dhahabu mbili za Olimpiki mbele ya watu wa London, akawa wa nne, nyuma ya Bradley Wiggins, Jessica Ennis na Andy Murray. Wengi tulinung'unika, si ndio? Mwaka 2017, kwenye uwanja wa Stratford, alishinda mita 10,000 za ubingwa wa dunia. Nyuma yake, kwa chini ya nusu sekunde, Joshua Cheptegei wa Uganda, na wa tatu Paul Tanui wa Kenya. Mnaona? Ni Maiyoro na Chataway tena, safari hii mshindi mwenyewe ni mtoto wa Pembe ya Afrika. Na ukimfuatilia nyuma zaidi utakuta kwamba nidhamu ya mkimbiaji, ya kula, kulala na kufanya mazoezi, aliikazania alipokaa nyumba moja na wakimbiaji wa Kenya huko Teddington, kusini-magharibi mwa London.

Desemba 2017, sherehe ikiwa Liverpool, Farah akashinda kwa kura 83,524, mbele ya Jonathan Rea wa pikipiki aliyepata 80,567. Yeye mwenyewe hakuwepo ukumbini, alikuwa London akiunganishwa kwa picha, na mara mawasiliano yakakatika. Kwa kitambo taifa lilimtuza mtu ambaye kamera haimwoni.

Miaka mitano baadaye, Julai 2022, ndipo akasimulia yote. Jina lake la kuzaliwa si Mohamed Farah. Ni Hussein Abdi Kahin. Alizaliwa Somaliland, baba yake akauawa vitani yeye akiwa na miaka minne, na akiwa na miaka tisa hivi akaletwa Uingereza kutoka Djibouti na mwanamke asiyekuwa ndugu yake, kwa karatasi za mtoto mwingine. Huyo mtoto mwingine ndiye Mohamed Farah wa kweli. Alifanyishwa kazi za ndani kwenye nyumba ya watu, mpaka mwalimu wake wa michezo, Alan Watkinson, alipopata habari na kumsaidia kutoka, na baadaye kumsaidia kupata uraia. Baada ya kusimulia, ikabidi serikali itamke kwamba haitamchukulia hatua yoyote.

Fikirieni maana yake. Katika orodha inayoanza na Chataway, orodha ya watu ambao Uingereza inasema hawa ndio wetu, limo jina la mtoto aliyebaki Pembe ya Afrika. Mwenye miguu alikuwa Hussein. Na mtu huyo, mwenye medali, mwenye cheo cha Sir, bado alibeba hofu ile ile inayobebwa na watu wengi wasiokuwa na medali: kwamba siku moja itaulizwa karatasi. Wapo kati yetu wanaoijua hofu hiyo, na si lazima mtu aitaje. Lakini tusidanganyane. Yeye aliisema akiwa juu, serikali ikamwambia asiwe na wasiwasi. Mfagiaji wa usiku akisema hivyo hivyo, nani atamjibu kwa upole ule?

Ngoma zetu wenyewe

Kwetu tuzo za namna hii zipo. Kenya, Paul Tergat alianzisha SOYA mwaka 2004, yaani miaka 50 kamili baada ya usiku wa Savoy. Tanzania waandishi wa habari za michezo, kupitia TASWA, wamekuwa na tuzo zao, na Uganda waandishi wenzao wa USPA nao hivyo hivyo. Nalipenda hilo la Tergat, kwa sababu aliyeianzisha ni mkimbiaji mwenyewe, aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya marathoni Berlin mwaka 2003. Hakusubiri mtu mwingine amtuze.

Lakini tuzo ya mwaka huu haitoshi. Orodha ya BBC ina nguvu kwa sababu haijakatika tangu 1954. Mtoto wa Kiingereza akiifungua anaisoma historia ya nchi yake. Wa kwetu atasoma wapi kwamba Maiyoro aliongoza White City katika mwaka wa Hali ya Hatari? Mzee huyo alikwenda Olimpiki ya Melbourne 1956, ya kwanza kwa Kenya, na ya Roma 1960, na akafariki mwaka 2019. Henry Rono akafariki Februari 2024. Wanaondoka mmoja mmoja na kumbukumbu zao.

Uwanja wa White City nao ulibomolewa mwaka 1985. Mnajua kilichojengwa pale? Majengo ya BBC. Pale Chepkwony alipokimbia pekupeku pakawa ofisi za shirika lile lile lenye kamera ya fedha. Anayepita na treni ya Central Line ashuke siku moja akapatazame.

Basi wenye wanafunzi wanaotafuta mada ya tasnifu, mada ni hiyo. Wenye wazee waliokimbia, waliofunza au waliosafiri na timu hizo, warekodini wangali hai, kwa Kiswahili, majina yao kamili na miaka. Methali inasema mcheza kwao hutuzwa. Aliyechezea ugenini naye ana kwao, na huko kwao ndiko anakotakiwa kuandikwa.